Kubandika bendi za magego kwa sementi inayozuia bakteria: kuchagua, kukoroga na kuitunza nguvu yake

Bendi ya gego, yaani pete ya chuma inayozungushwa kwenye gego ili kushikilia vyuma vya kunyooshea meno, hukaa mdomoni mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi. Ukingo wake wa karibu na ufizi ndipo mswaki unapofika kwa taabu na ndipo ukoga unapojikusanya. Bakteria waliomo, hasa Streptococcus mutans na laktobasili, hula sukari na kutoa asidi, na pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi enameli huanza kupoteza madini. Weupe wa chaki unaweza kuonekana kandokando ya vyuma ndani ya wiki 4 tu. Chini ya bendi iliyolegea ni balaa zaidi: mate na sukari vinaingia, mswaki hauingii, na jino linaoza kimyakimya hadi siku bendi inapotolewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa daktari au tabibu wa meno anayefunga bendi, na kwa msaidizi anayemkorogea sementi. Uwezo wa sementi kuzuia bakteria hutegemea sana jinsi ilivyopimwa, ilivyokorogwa na ilivyojazwa. Sementi yenye floridi tele iliyoacha pengo chini ya bendi haimsaidii mgonjwa kitu.

Sementi huzuiaje bakteria

Njia ya kwanza ni asidi. Sementi mbichi karibu zote zinazokorogwa kwa unga na kimiminika zina pH ya chini, na bakteria wengi hushindwa kukua karibu nazo kwa sababu hiyo tu. Fosfeti ya zinki, kwa mfano, huwa na pH ya karibu 3.5 dakika 3 baada ya kuanza kukorogwa, kisha hupanda hadi kukaribia 7 ndani ya saa 24 hadi 48. Hapo ukali huo umekwisha. Ndiyo maana matokeo mazuri ya maabara kwa sementi mbichi yanaweza kumpotosha msomaji: mgonjwa ataishi na sementi iliyokauka.

Njia ya pili ni ayoni zinazotoka polepole: zinki kwenye fosfeti ya zinki na polikaboksileti ya zinki, floridi kwenye glasi-ayonoma, sementi ya unga wa kioo na asidi. Floridi inastahili maelezo zaidi. Palipo na asidi, floridi huungana na haidrojeni na kupenya ndani ya bakteria ikiwa asidi ya haidrofloriki. Ndani, ambako asidi ni kidogo, huachana tena. Floridi inabaki humo na kukwamisha inolesi, kimeng'enya kinachohitajika katika kuvunja sukari, pamoja na pampu ambayo bakteria hutumia kutoa asidi nje. Kwa hiyo floridi hufanya kazi vizuri zaidi pale pale ukoga unapokuwa mkali. Upande wa jino, floridi husaidia madini kurudi kwenye enameli.

Tatizo ni muda. Glasi-ayonoma hutoa floridi kwa wingi siku 1 hadi 2 za kwanza, kisha kiwango huporomoka na kubaki kidogo kwa miezi mingi. Hicho kidogo husaidia kurudisha madini, lakini hakitoshi kuua bakteria. Bahati nzuri glasi-ayonoma hunyonya floridi kutoka kwenye dawa ya meno, maji ya kusukutulia na vanishi (dawa nzito ya floridi inayopakwa kwenye meno), kisha huitoa tena. Kuijaza upya ni sehemu ya matibabu, na tutairudia mbele.

Njia ya tatu ni kuua kwa mgusano. Baadhi ya resini (plastiki za meno) huundwa kwa monoma, yaani molekuli ndogo zinazounganishwa kuwa resini, za amonia kwatenari, kama MDPB iliyobuniwa Japani. Monoma hizo hufungwa ndani ya resini, hivyo haziishi kwa kuvuja, lakini bakteria lazima aguse uso wenyewe. Utando wa protini za mate ukishafunika uso huo, nguvu hupungua.

Kuchagua sementi

Kwa bendi za magego, chaguo letu la kwanza ni glasi-ayonoma ya kubandikia. Si ile ya kuzibia matundu: ya kubandikia ina chembe ndogo zaidi, na kiwango cha ISO 9917-1 kinataka unene wa utando wake usizidi mikroni 25. Sementi hii ilibuniwa na Alan Wilson na Brian Kent katika Maabara ya Mkemia wa Serikali huko London na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inashikana kikemia na kalsiamu ya enameli, na hata chuma cha pua hushika kiasi. Bendi ikija kulegea, mara nyingi sementi hubaki imeshikamana na jino, na enameli inaendelea kufunikwa. Hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Fosfeti ya zinki bado ipo kwenye kliniki nyingi kwa sababu ni rahisi na haiharibiki upesi. Haishikani kikemia na jino, huyeyuka polepole kwenye mate, na haina floridi ya kujaza upya. Ukiwa huna nyingine, itumie, ila kagua bendi kila ziara. Polikaboksileti, aliyoibuni Dennis Smith mwaka 1968, hushika enameli lakini hukauka upesi na kuvutika kama mpira, na chumba chenye joto huifanya ngumu zaidi kuitumia.

Glasi-ayonoma yenye resini huwa imara zaidi na haiogopi mate sana mwanzoni. Floridi yake ni ya kutosha. Ina HEMA, kemikali inayopenya glovu za mpira na kusababisha mzio wa ngozi, basi usiiguse ikiwa mbichi hata ukiwa umevaa glovu. Zile za rangi ya buluu zinazokaushwa kwa taa, ziitwazo kompoma, hukupa muda wote unaoutaka kabla ya kuwasha taa, lakini hutoa floridi kidogo na hujazika kidogo. Mgonjwa mwenye ukoga mwingi na matundu ya zamani, mpe glasi-ayonoma.

Kwa braketi za mbele, yaani vishikizo vidogo vya waya vinavyobandikwa juu ya meno ya mbele, hesabu hubadilika. Glasi-ayonoma ya kawaida ni dhaifu mno kwa braketi, na hata yenye resini hudondosha braketi nyingi kuliko kompoziti (resini iliyochanganywa na chembe za kioo). Braketi inayodondoka kila mwezi huongeza kazi na huacha enameli imechubuliwa. Tumia kompoziti mbele, na ulinzi wa floridi uupate kwa vanishi na dawa ya meno.

Maandalizi ya jino na bendi

Weka vipira vya kutenganishia meno siku 3 hadi 7 kabla. Andika idadi yake kwenye faili, na siku ya kufunga vihesabu vyote. Kipira kilichopotea chini ya ufizi kinaweza kula mfupa wa jino bila maumivu makubwa, kwa hiyo kikikosekana kitafute, usidhani kimemezwa.

Jaribu bendi ikiwa kavu, bila sementi. Iliyo sahihi inahitaji nguvu kuingia na haichezi ukiisukuma kwa kidole. Bendi kubwa huacha tabaka nene la sementi, na tabaka nene ndilo linaloyeyuka na kupasuka. Hapa ndipo vita na bakteria inaposhindwa mara nyingi, kabla hata chupa ya sementi haijafunguliwa.

Bendi ikishapatikana, itoe, ioshe na uikaushe kabisa. Ndani yake iwe na uso uliokwaruzwa kwa mchanga wa alumina. Nyingi huja hivyo kiwandani. Ziba tyubu na ndoano zilizo upande wa nje wa bendi kwa nta laini ili sementi isiingie. Safisha jino kwa pamisi (unga wa jiwe la volkano) na maji, bila mafuta na bila floridi, osha, kisha weka pamba na mashine ya kunyonya mate. Kausha enameli kwa hewa lakini usiichome hadi ikauke kama jivu, kwa kuwa glasi-ayonoma ya kawaida ni sementi ya maji na inahitaji unyevu kidogo wa jino lenyewe. Kijaratasi cha mtengenezaji kikitaka kiandaa uso, kwa kawaida ni asidi ya poliakriliki ya asilimia 10 kwa sekunde 20, ikifuatiwa na kuosha.

Kupima na kukoroga

Kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa kwa matone 2 ya kimiminika ndicho kipimo cha sementi nyingi za kubandikia, lakini hakikisha kwenye kijaratasi cha sementi yako, maana vijiko vya chapa tofauti havilingani. Tikisa chupa ya unga kwanza ili usiwe umeshindiliwa. Chota, kisha kata juu kwa ukingo wa plastiki ulio kwenye chupa. Chupa ya kimiminika ilaze kwanza ili hewa itoke kwenye ncha, kisha isimamishe wima ikiangalia chini, ibonyeze taratibu. Tone lenye povu ni nusu tone. Usidondoshe mapema: kimiminika kikikaa wazi hupoteza maji, kinakuwa kizito, na kipimo chako kimeharibika.

Gawa unga mafungu mawili. Ingiza la kwanza lote kwa sekunde 5 hadi 10, halafu la pili, ukikunja mchanganyiko katika eneo dogo la karatasi bila kuutandaza. Kazi yote iishe ndani ya sekunde 20 hadi 30. Ukiinua spachula, sementi ifuate kwa uzi wa sentimita 2 hivi kabla haijakatika. Uso wake lazima ung'ae. Mng'ao unaonyesha kwamba bado kuna asidi huru ya kushikana na jino. Uliofifia unamaanisha asidi imeshatumika ndani ya mchanganyiko, na bendi itakaa kwa kubana tu. Uutupe ukoroge mwingine, hata kama unaonekana laini bado.

Sementi nyepesi ina mtego wake. Ukipunguza unga, floridi inayotoka mwanzoni huongezeka, na mtu anaweza kuifurahia. Inatoka kwa sababu sementi inayeyuka. Baada ya miezi michache ukingo umeliwa, ukoga umeingia, na hakuna floridi ya kuuzuia. Sementi nzito kupita kiasi, kwa upande mwingine, haiachi bendi ifike chini, na viputo vyake huwa mashimo ambamo bakteria hukaa.

Joto la pwani ni jambo la kuzingatia hasa. Muda ulioandikwa kwenye kijaratasi, mara nyingi dakika 2 za kufanyia kazi, umepimwa kwa nyuzijoto 23. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzijoto 30 na ushee huukata muda huo waziwazi. Washa kiyoyozi kama kipo, na koroga kwa bendi 1 au 2 tu kwa wakati mmoja, si 4. Kioo cha kukorogea kilichopoozwa husaidia, lakini kikitoka kwenye friji katika hewa yenye unyevu hutokwa jasho. Maji hayo yakiingia kwenye sementi yanaidhoofisha. Kipooze kidogo, kikaushe, ukikague kwa mwanga kabla ya kumwaga unga. Chupa ya unga ifungwe mara tu baada ya kuchota, kwani unyevu huo huo huufanya ushikane mabonge. Kapsuli zinaondoa makosa mengi ya kipimo; zitoe kwenye pakiti ya foili pale tu unapozihitaji, zibonyeze kuziamsha, na uzichanganye kwenye mashine kwa sekunde zilizoandikwa, mara nyingi 10.

Kuingiza bendi

Paka sementi ndani ya bendi yote, kuanzia ukingo wa ufizi. Pasionekane chuma kitupu hata mahali padogo. Huu ndio mstari wa kinga: chuma kitupu leo ni pengo la kesho. Unapoibeba kuelekea jino, funika upande wa juu kwa kidole chenye glovu, au kwa kipande cha utepe kama sementi ni ya resini, ili bendi inaposhuka sementi isitoroke yote juu bali isukumwe pia kuelekea ufizi. Ukiona sementi imetoka kuzunguka kingo zote mbili, umejaza vizuri. Ikitoka juu tu, toa bendi, safisha, anza upya.

Bendi ya gego la chini isukume kwanza kwa mkono upande wa mbele na wa nyuma, kisha mgonjwa amalizie kwa kung'ata kijiti kilichowekwa kwenye ukingo wa upande wa shavu. Ya gego la juu humaliziwa kwa kung'ata kwenye kona ya mbele ya upande wa shavu na kona ya nyuma ya upande wa kaakaa. Ikifika mahali pake, iache. Bendi inayosukumwa na kurekebishwa wakati sementi imeanza kukaza hukatika mshikamano wake wote.

Mabaki mabichi yafute mara moja kwa pamba kavu, kisha ngoja. Yakiwa katika hali ya mpira usiyavute, kwa kuwa unang'oa hadi sementi ya ndani ya ukingo. Subiri yakauke na kuvunjika kwa skela, kifaa cha kukwangulia meno. Chunguza chini ya ufizi na katikati ya meno. Kipande kilichobaki humo kina uso wa kukwaruza unaokusanya ukoga na kuvimbisha ufizi, hata kama kimejaa floridi.

Glasi-ayonoma ya kawaida ikiguswa na mate dakika za kwanza huoshwa ayoni zake kabla hazijafungwa, na uso unabaki laini wenye chaki. Ikikaushwa sana hupasuka. Ukishasafisha, paka vanishi ya kukinga au vaselini safi kuzunguka ukingo, ndipo utoe pamba. Mwambie mgonjwa asitafune vitu vigumu wala vinavyonata siku hiyo.

Kuijaza sementi floridi upya

Hapa ndipo uwezo wa glasi-ayonoma unapotunzwa au kupotezwa. Mgonjwa apige mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floridi 1450 ppm, ateme, asisukutue kwa maji mengi baadaye. Mwenye miaka zaidi ya 6 anayeweza kutema anaweza kuongeza maji ya kusukutulia ya floridi ya sodiamu asilimia 0.05 kila siku, wakati tofauti na wa mswaki. Vanishi ya floridi ya sodiamu asilimia 5, ambayo ni ppm 22,600, ipakwe kliniki kila miezi 3 kwa mwenye hatari kubwa. Kausha ukingo wa bendi kwanza, paka tabaka jembamba, na mgonjwa asipige mswaki hadi kesho yake.

Klorheksidini ya kusukutulia ya asilimia 0.12 au 0.2 huua S. mutans vizuri, lakini itumike kwa wiki 2 hivi pale ufizi ulipovimba, si miezi. Hupaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha. Iachane na mswaki kwa nusu saa, kwa sababu povu la dawa ya meno huidhoofisha.

Kuna wanaoshawishika kuchanganya unga wa klorheksidini kwenye sementi wenyewe. Usifanye. Watafiti wamejaribu klorheksidini diasiteti kwa kiasi cha karibu asilimia 1 ya unga kwa mizani ya maabara, na kadiri kinavyozidi sementi huchelewa kukauka na nguvu yake hushuka. Kijiko cha kliniki hakiwezi kupima hilo. Chembe za fedha nazo huua bakteria lakini huweza kutia meno rangi ya kijivu.

Wagonjwa wenye madoa ya floridi

Arusha, maeneo ya Kilimanjaro, Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zina maji yenye floridi nyingi, na wagonjwa wengi wa huko wana enameli yenye madoa ya kahawia au mashimo. Usidhani meno hayo hayaozi. Tabaka la nje lina madini mengi na hukataa asidi ya kuandaa uso, lakini chini yake enameli ina vitundu vidogo vidogo, na tabaka hilo likivunjika kuoza huenda haraka. Kwa bendi, glasi-ayonoma bado inafaa kwa kuwa bendi yenyewe inabana. Angalia kwa makini usivunje enameli dhaifu wakati wa kusukuma, na usimpe vidonge vya floridi kwa hali yoyote. Kwa braketi, madoa ya wastani na makali huhitaji kukwaruzwa uso kidogo au kuongezewa muda wa asidi ya fosforiki.

Ukaguzi wa kila ziara

Kausha ukingo kwa hewa na utafute mstari mweupe usiong'aa. Kisha bonyeza bendi kuelekea ufizi kwa kifaa cha kusukumia ukiangalia ukingo: viputo vya mate vikitokea, sementi imeachia. Harufu mbaya na ladha ya chuma anayoilalamikia mgonjwa ni dalili nyingine. Bendi ya namna hii haiongezwi sementi ukingoni. Itoe, safisha jino na bendi hadi sementi yote ya zamani iishe, kagua enameli kwa mwanga mzuri, ndipo ubandike upya. Ukikuta tundu, matibabu ya bendi husimama hadi lizibwe.

Bendi zikishatolewa mwisho wa matibabu na weupe ukaonekana, usikimbilie vanishi kali juu yake. Floridi nyingi kwa mara moja inaweza kufunga tabaka la nje na kuacha doa la ndani milele. Dawa ya meno ya kawaida na mate, miezi kadhaa, hurudisha mengi.

Kupima madai ya kiwandani chuoni

Maabara ndogo ya chuo inaweza kulinganisha sementi 2 au 3 bila gharama kubwa. Tengeneza vidonge vya sementi vya kipenyo cha milimita 6 katika ukungu mmoja, vingi vya kutosha kupima vikiwa vibichi, baada ya saa 24, siku 7 na siku 30, vikihifadhiwa ndani ya maji safi yanayobadilishwa. Andaa S. mutans aina ya ATCC 25175 (namba yake katika hazina ya vijidudu ya Marekani) hadi kiwango cha 0.5 McFarland, kipimo cha ukungu wa kimiminika chenye bakteria, karibu seli 1.5 × 10⁸ kwa mililita, upake kwenye agari ya BHI, chakula cha kukuzia bakteria. Weka vidonge, kidonge cha kompoziti ya kawaida, na karatasi yenye klorheksidini 0.2% kama vilinganishi. Acha saa 2 vikae, kisha nyuzijoto 37 kwa saa 48 katika hewa yenye kaboni dayoksaidi au kwenye chombo chenye mshumaa. Pima duara lisilo na bakteria kwa milimita, mara 3 kwa kila sementi.

Isome kwa tahadhari: duara hupima kinachovuja na kusambaa kwenye agari tu. Resini inayoua kwa mgusano itaonyesha sifuri, nayo inafanya kazi. Kwa hiyo kipimo cha mgusano wa moja kwa moja, ambapo bakteria huwekwa juu ya kidonge kwa saa moja kisha huoshwa na kuhesabiwa, kinahitajika sambamba. Na matokeo ya vidonge vya siku 30 ndiyo ya kuzingatia unaponunua. Ya vibichi hupendeza kwenye kipeperushi cha muuzaji, lakini bendi itakaa mdomoni miaka miwili.